Upande Wanakokula

Bakuli likapanda, likashuka.

"Tano," darasa zima likasema.

"Tatu," nikasema mimi.

Nilikuwa nimepiga magoti mkekani pamoja nao, sketi nimeibana chini ya mapaja, kwa sababu Ijumaa ilikuwa zamu yao ya kunipima mimi. Mchezo wenyewe tuliuita funua-funika. Mtoto mmoja anapanga vifuniko vya chupa za soda sakafuni, anavifunika kwa bakuli la plastiki, analiinua kufumba na kufumbua, kisha analirudisha. Wengine wanasema vilikuwa vingapi. Hakuna kuhesabu, hakuna kunyoosha kidole, hakuna kutikisa kichwa moja-mbili-tatu kwa siri. Ama umeona, ama hukuona.

Nami niliona. Vilikuwa vitatu: kimoja katikati na viwili kulia, vimekaa kama kichwa cha mshale unaoelekea kushoto. Ningeapa mahakamani.

Watoto wakacheka mpaka wengine wakalala chali. Nami nikacheka, maana nilidhani wamenipikia njama. Aliyewahi kufundisha watoto wa chekechea anajua kwamba njama ndiyo kazi yao ya kwanza, masomo ni ya ziada. Mpangaji siku hiyo alikuwa binti tuliyempachika jina la Karani, kwa kuwa hakuna kiti kilichosogezwa darasani bila yeye kujua jana kilikuwa wapi. Akaliinua bakuli tena na safari hii akaliacha juu. Vifuniko vilikuwa vitano, vimepangwa kama uso wa dadu.

"Umeongeza viwili," nikamwambia.

"Sijaongeza, Mwalimu."

Nikamwamuru apange upya, kisha aweke mikono nyuma, bakuli ainue jirani yake. Watoto wakasema nne, mimi nikasema mbili. Tukarudia, wote tukasema tatu, nikashusha pumzi. Tukarudia tena: wao tano, mimi mbili. Hapo kicheko kikaanza kupungua, kidogo kidogo, kama maji ya bomba yanapokatika, mpaka nikajikuta ninacheka peke yangu.

Ndipo Chiriku akafungua mdomo. Chiriku alikuwa binti mwembamba wa meno ya mbele yaliyong'oka, na jina hilo alilipata kwa haki, maana ulimi wake haukuwa na likizo. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

"Mwalimu, si wewe upande huu huoni?"

"Upande upi?"

"Huku kwetu." Akaonyesha kwenye mkono wangu wa kushoto. "Huku tunakokaa tukitaka kula."

Nimestaafu siku nyingi, na mambo mengi ya shule ile yamenitoka kichwani. Maneno hayo hayajatoka. Hata leo nikiyakumbuka, ninajiona vilevile kama siku ile, nimepiga magoti, na watoto wananitazama kwa adabu.

Nieleze kwanza jeuri yangu ilitoka wapi, ili ieleweke kwa nini nilianguka kutoka juu kiasi hicho.

Wazazi walikuwa wakiniletea watoto waliofundishwa nyumbani kuhesabu mpaka mia. Mtoto anasimama, anafumba macho, anatiririka moja mpaka mia bila kuvuta pumzi, na mama yake anatabasamu hadi masikioni. Kisha mimi ninamwekea mtoto huyohuyo vifuniko vinne mezani na kumwuliza ni vingapi. Anaanza kuimba upya. Kidole kinaruka kifuniko kimoja, kinagusa kingine mara mbili, na jibu linatoka sita. Mama anasema leo mtoto ana usingizi. Mimi nilikuwa nikisema hana usingizi, ana wimbo, na baadhi ya akina mama hawakunisalimia tena mpaka mwisho wa mwaka.

Kuona ni jambo jingine. Mtu mzima akiingia jikoni akakuta vikombe vitatu mezani, hahesabu. Anajua, na anaendelea na safari yake. Nilitaka watoto wangu walipate hilo kabla ya wimbo. Nilianza na mbili na tatu, siku nyingi, hata walipolalamika kwamba wamechoka na tatu. Nilivipanga vifuniko mstari, kisha pembetatu, kisha nikavimwaga ovyo, ili wajue kwamba tatu ni tatu hata ikikaa vibaya. Halafu nne, ambayo humpiga mtoto chenga mpaka siku atakapoiona kama mbili na mbili. Halafu tano, yaani tatu na mbili. Hapo nilisimama. Ukizidi hapo jicho linaanza kubahatisha, na mimi wabahatishaji sikuwataka darasani mwangu.

Tulitumia vifungo, kokoto, viti, hata vidole vya miguu. Foleni ya kwenda kunawa mikono ilipopangwa, nilisema tu "viatu vyekundu," na jibu lilikuja kabla sijafunga mdomo. Na katika wote hao bingwa nilikuwa mimi. Mwalimu mkuu, mwanamke wa maneno machache na yote makavu, alisema nina macho mengine kisogoni. Muhula huo alinisifu hata kwa utulivu wa darasa. Alisema akipita barazani hasikii kelele, na mimi nikamjibu kwamba mkono wangu ndio huo.

Sasa, nikiwa magotini, nikauelewa utulivu ule. Waliotaka kusoma walikaa kulia. Waliotaka kula, kuchorana mikono na kuvutana nywele walihamia kushoto, mmoja mmoja, kimyakimya, wakiwa wamegundua kitu ambacho mimi sikukijua. Viti vya kule dirishani vilikuwa vikigombewa kila asubuhi, na mimi nilidhani ni upepo wanaupenda.

Nikawauliza tangu lini. Wakatazamana. Umri ule hauna lini, una jana na una zamani.

"Zamani," akasema Karani.

Niliogopa. Sijui neno la kulipamba hilo. Niliwaambia watoto wakacheze nje ingawa kengele ilikuwa bado, kisha nikabaki pale mkekani ninageuza shingo kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliyeangusha pete. Nikigeuza, niliona kila kitu. Viti, dirisha, makombo ya mkate chini ya viti, makombo ya muhula mzima. Nikitazama mbele, sikuona kwamba kuna kitu sikioni.

Nyumbani dalili zilikuwepo, ila tulikuwa tumezifanya utani. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa masihara tangu tulipofahamiana. Nilipokuwa nikigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, aliniuliza mlango huo umenikosea nini hata kila siku niupige kikumbo. Aliniwekea chai kushoto kwangu, nami nikauliza chai iko wapi, akasema siku akiniletea mwezi nitauliza uko wapi pia. Nilimjibu kwamba mwanamume asiyejua kuweka kikombe mahali pake asilete habari za mwezi. Tukacheka. Tulicheka sana miezi ile.

Jioni hiyo nilimsimulia akiwa anakula. Akacheka kidogo kwa mazoea, kisha akaweka kijiko chini na kuniambia nimtazame puani, nisitazame kwingine.

"Vidole vingapi?" akauliza.

"Nyoosha mkono kwanza ndipo uulize."

Nikageuka. Mkono wake ulikuwa juu tayari, karibu na sikio langu la kushoto, umenyooshwa kitambo. Akaushusha polepole kama anashusha kitu cha kioo. Hakumaliza chakula, na huyo ni mtu ambaye hata msibani kwa mjomba wake alirudia sahani.

Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Akanimulika jicho hili na lile, akanisomesha herufi ukutani, nikazisoma mpaka mstari wa chini kabisa, zile zinazofanana na sisimizi. Akaandika, akasema macho yangu ni mazima, hayana ubaya wowote. Nikachukua mkoba. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumsema Chiriku.

"Kaa kwanza, mama," akasema. "Sijamaliza."

Akanipeleka chumba cha pili, na humo mlikuwa na mashine. Ilikuwa bakuli. Bakuli kubwa jeupe, limelazwa ubavu, mdomo wake umenielekea mimi. Akaniambia nitie uso ndani, kidevu nikiweke kwenye kishikizo, nitazame kitone cha katikati nisikiache. Vitaa vidogo vitawaka huku na huku ndani ya bakuli, muda mfupi tu, na kila nikiona kimoja nibonyeze kitufe nilichopewa mkononi.

"Usihesabu, usivitafute," akasema. "Ama umeona, ama hukuona."

Nikautoa uso nimtazame, kwa kuwa nilidhani mtu amemsimulia darasa langu. Hakuna aliyemsimulia. Alikuwa anasema tu anachowaambia wagonjwa wote. Nikarudisha kidevu, na nikaona uchungu wa kuwa mtoto wa chekechea mbele ya mtu anayejua jibu.

Vitaa vikaja. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza, kidole kikashika kasi, nikaanza hata kujisikia mjanja. Kisha vikaacha kuja. Nikasubiri. Kitone cha katikati kilikuwepo, bakuli jeupe lilikuwepo pande zote, safi kabisa, halina hata doa. Nikasubiri tena mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Daktari, mashine yako imekwama."

"Haijakwama, mama," akasema. "Inawaka sasa hivi."

Nimewahi kupokea habari za misiba. Nimewahi kuona basi likiacha barabara. Hakuna kilichonishtua kama sauti ile ya upole nikiwa na uso ndani ya bakuli, nikitazama weupe mtupu ambao ulikuwa umejaa taa.

Baadaye nilimwuliza kwa nini sioni giza. Kama nusu ya dunia imenitoka, mbona hapakuwa na shimo, mbona ukuta ulifika mpaka kwenye kona yake? Akanieleza kwamba giza nalo ni kitu cha kuona, na mimi upande ule hata giza sikuliona. Macho yalikuwa yanafanya kazi yao, bali ubongo, nyuma kule picha zinakopokelewa, ulikuwa umeacha kupokea upande mmoja, na pengo lile ukalijaza wenyewe. Ukuta ukiwa mweupe, unaongeza weupe. Mkeka ukiwa mtupu, unaongeza mkeka. Unabahatisha, akasema. Na mimi, adui mkubwa wa wabahatishaji, nilikuwa nimembeba mkubwa wao kichwani.

Picha za kichwa zikaonyesha uvimbe. Daktari wa upasuaji alisema hauonekani kuwa wa aina mbaya, ila unakua, na ukiachwa hautaridhika na nusu. Ukitolewa, kilichobaki kitasalimika. Kilichokwisha potea huenda kikarudi kipande, huenda kisirudi kabisa. Mume wangu akauliza maswali yote ya maana, ya maisha na kifo na muda wa kulazwa. Mimi nilikuwa na moja tu: kama nitaweza kurudi darasani. Daktari akasema hilo ni la shule yangu.

Mwalimu mkuu hakuzunguka mbuyu. Alikuja nyumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kochi bila kuegemea, akasema watoto wale ni wadogo, mmoja akimeza kifungo kwenye upande nisiouona, hakuna samahani itakayomrudisha. Akasema nikirudi atanijaribu.

"Nitasimama mlangoni," akasema. "Nikiona umemkosa hata mmoja, utakuja ofisini kwangu kushughulika na makaratasi. Nitalia, lakini nitakupeleka."

Nilimchukia siku ile, na nilijua kwamba ningekuwa mimi ningesema makali zaidi. Sikuwahi kujiwazia ofisini. Kukaa mezani na makaratasi, huku ng'ambo ya ukuta mtu mwingine anawafundisha wimbo wa mpaka mia, kwangu kulikuwa ni kuzikwa huku nasikia.

Upasuaji siukumbuki, na mshono ulipona kama mishono inavyopona. Kipande kidogo cha juu kilirudi, kiasi cha kuona kona ya dari. Kingine chote hakikurudi mpaka leo. Hospitalini wakanifundisha kuishi hivyo: shingo kwanza, jicho baadaye. Usiingie mahali popote bila kwanza kuigeuza shingo kushoto mpaka kidevu kiguse bega, kwa sababu kichwa chako kitakuambia hakuna kitu, nacho kitasema kwa uhakika kabisa.

Mume wangu ndiye aliyenizoesha. Aliweka kushoto kwangu viberiti, viatu, redio iliyozimwa. Mwisho akajiweka mwenyewe. Alikuwa akisimama kimya upande ule, wakati wowote, sebuleni, uani, mpaka nimpate bila kuambiwa. Siku za mwanzo nilimpita kama nguzo. Siku moja nikageuza shingo na kumkuta machozi yanamtoka. Akasema ni gesi ya friji.

Nilirudi shule siku ya Ijumaa, kwa kuchagua. Nilifunga kitambaa kichwani kuficha mshono, nikapita barazani nikigeuza shingo kama kuku. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni kama alivyoahidi, mikono kifuani, hatazami uso wangu. Nikapita mbele yake, nikaingia.

Darasa zima lilikuwa upande wa kulia. Wote. Viti vimebanana mpaka miguu ya viti imepandana, wengine wamekaa wawili kiti kimoja, magoti kwa magoti, wananitazama bila kupepesa. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba ugonjwa umerudi na sura mpya, kwamba sasa kichwa changu kinawakusanya watu upande mmoja. Nikamgeukia mwalimu mkuu. Naye alikuwa amepigwa na butwaa, mikono imeshuka.

"Nani amehamisha viti hivi?" akauliza.

Karani akasimama. "Sisi. Ili Mwalimu atuone."

Hakuna aliyewatuma. Baadaye nilijua kwamba walifika mapema, wakasukuma viti wenyewe, na kwamba aliyegombana na mwenzake kwa kubanwa aliambiwa anyamaze. Viti vya dirishani, vile vilivyokuwa vikigombewa kuliko vyote, walikuwa wameviacha. Nilitaka kuketi, nilitaka kulia, na nyuma yangu mwanamke aliyeshika kazi yangu mkononi alikuwa anahema kwa sauti.

Lakini Karani hakuketi. Alikuwa bado na neno, na uso wake ulikuwa ule wa kupanga vifuniko.

"Mwalimu, leo Ijumaa," akasema. "Ni zamu yetu. Upande ule ni wangapi?"

Hakuwa ananionea huruma hata kidogo, na hilo namshukuru mpaka leo. Akanyoosha mkono kuelekea kushoto kwangu, kule walikohama. Kichwa changu kikanipa jibu papo hapo, bila wasiwasi: hakuna mtu, viti vitupu. Nililiona jibu hilo kwa macho yangu. Viti vilikuwa pale, vitupu, mpaka ukutani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kulisema.

Nikaufunga. Shingo kwanza. Nikaigeuza mpaka kidevu kikagusa bega, halafu nikaruhusu jicho lifuate.

Viti vilikuwa vitupu, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho penye dirisha. Juu yake alikuwa Chiriku, amejikunyata, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue, shavu moja limefura, macho yamemtoka kama ya mtu anayengoja bakuli lishuke.

Mlangoni mwalimu mkuu aliacha kuhema.

"Mmoja," nikasema. "Na anatafuna."